Kutoka Ndegeni hadi Melini kwa Dakika Arobaini

Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikabidhiwa ufunguo wa gari katika kituo cha teksi cha uwanja wa ndege, Mwanza. Aliyenikabidhi alikuwa tajiri wangu. Kwetu madereva, tajiri ni mwenye gari, awe na fedha au asiwe nazo. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mabatini, alilorithi kwa babu yake Mhindi. Alinipa agizo moja tu: "Gari likiharibika nitatengeneza. Abiria akiachwa na meli, hilo halina fundi."

Nilidhani amezidisha. Kutoka uwanjani hadi bandarini ni kilomita kama kumi: unapita Pasiansi, unapita Kirumba, umefika. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba barabara ile hubadilika urefu. Asubuhi ni fupi. Malori ya dagaa yakianza kutoka mwaloni, soko la samaki la Kirumba, ni ndefu kuliko safari ya Shinyanga.

Baadaye tajiri alinihamishia kituo cha bandarini, na huko karani wa tiketi akanifumbua macho. "Wewe unaanza kuhesabu ndege inapotua," aliniambia, "ndiyo maana kila siku unahema. Anza geti linapofungwa, halafu rudi nyuma." Akaandika kwenye kipande cha boksi: geti hufungwa dakika ishirini kabla ya meli kuondoka, toa dakika za kupima mizigo, toa za barabara, toa za kusubiri mabegi uwanjani. Kinachobaki ndicho muda ambao ndege inaruhusiwa kuchelewa. Nilikikodolea macho kipande kile. Niliishia darasa la saba, na hakuna somo lililowahi kunishangaza hivyo: kumbe safari husomwa kutoka mwisho.

Nikanunua daftari. Abiria waliojipangia usafiri wenyewe wakaanza kunipigia kabla ya kukata tiketi. Nilipiga hesabu, na wengine niliwaambia waje na ndege ya siku iliyotangulia. Hadi hapo hakuna niliyemchelewesha. Niliporudishwa uwanjani nilichaguliwa katibu wa kituo, msimamizi wa zamu za magari.

Mama Tabitha wa Ukerewe alikuwa abiria wangu wa miaka mingi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, naye alinijua kwa sauti tu. Nilimpokea melini, nikampeleka uwanjani kwa safari zake za hospitali Dar es Salaam. Mara ya mwisho alinipigia mwenyewe: "Mwanangu, wameyafungua. Nipangie meli ya saa nane mchana. Nataka nivuke jua likiwaka, niyaone maji yote hadi kwetu Nansio."

Nilipanga. Ndege ikachelewa, ikatua saa saba kamili. Geti lingefungwa saa nane kasoro dakika ishirini. Tulikuwa na dakika arobaini. Barabara ilihitaji ishirini na tano, na mzigo wake ulikuwa kikapu kimoja. Ilitosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akasimama, akanitazama kuanzia viatu. "Ni wewe? Mbona una mvi? Sauti yako ni ya kijana!"

Madereva wakacheka. Akawaendea mmoja mmoja, akishika mashavu yao. "Na wewe ndiye yule mpiga kelele? Kumbe mzuri hivi!" Dereva wa zamu ya mbele akaninong'oneza, "Katibu, daftari lako leo linakula hasara." Nilijua. Lakini ningemkatizaje mama wa umri ule salamu zake, tena siku ya kwanza anaona nyuso za watu? Nilishika mlango wa gari ulio wazi nikatabasamu. Dakika kumi na mbili zikapita hivyo.

Kirumba malori yalikuwa yamefunga njia. Tulifika geti likiwa limefungwa dakika saba zilizopita.

"Meli si bado ipo?" nilimwambia mlinzi. "Ndugu yangu, huyu ni mama mtu mzima."

"Mzee, naiona. Hata ukiniamkia shikamoo, sifungui."

Niligeuka nimwombe radhi mama, nikakuta hanisikilizi. Ameshika nondo za geti kwa mikono miwili. Saa nane ilipofika kamba zikafunguliwa, meli ikapiga honi, ikaanza kujitenga na gati polepole, nyeupe, orofa juu ya orofa.

"Ndiyo hiyo ninayopandaga?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Kubwa namna hii?" Sauti yake ilishuka. "Mimi nilijua benchi na ngazi. Benchi na ngazi tu, miaka yote."

Tuliitazama hadi ikawa ndogo kama kidole. Mimi nilikuwa nimeitazama kila siku kama saa ya ukutani; sijui kama niliwahi kuiona kabla ya mchana ule. Alilala nyumbani kwangu Buswelu, akavuka kesho yake, mchana kweupe.

Mgongo ulinistaafisha mapema. Ninyi mnaojipangia safari kwa simu, hesabuni kurudi nyuma kama karani alivyonifundisha, kisha ongezeni muda wa salamu; mimi sikuwahi kuuandika. Katika kazi yangu yote nilimchelewesha abiria mmoja. Nauli ya tiketi yake haikurudishwa, nami nikamkatia nyingine. Hasara: shilingi elfu kumi.