Nguzo ya Tatu Bwawani

Mtu wa kwanza kukamatwa kwa kuvua katika sehemu iliyofungwa ya bwawa letu ni yule yule aliyetuomba tuifunge. Alikamatwa asubuhi, jua limeshapanda, amekaa juu ya jiwe lake maji yakimzunguka pande zote, na ndani ya ndoo yake mlikuwa na perege wawili. Hakukimbia wala hakubisha. Alicheka. Kicheko hicho hakimo kwenye karatasi ya shauri lake, na aliyeiandika karatasi hiyo ni mimi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichokuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka nyumbani kwetu Gongoni, mtaa wa mjini Tabora, ambako baba yangu aliuza nguo, kama alivyofanya baba yake na babu yake aliyetoka Omani. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, kamati ya kijiji ilinipa kazi ya kuandika mikutano. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Watu wetu walikuwa wameletwa baada ya mavuno, wakajenga nyumba kwa mistari kando ya barabara, na kila jambo, kuanzia shamba la tumbaku la pamoja hadi zamu ya kufagia zahanati, likawa linapita kwenye mkutano. Bwawa nalo lilipita huko.

Bwawa lenyewe lilikuwa la zamani kuliko kijiji. Lilijengwa wakati wa wakoloni ili mji upate maji. Wazungu walipandikiza samaki, wakaanzisha klabu, wakasimamisha ubao ukingoni: kuvua ni kwa wanachama tu. Baada ya Uhuru klabu ilikufa yenyewe. Ubao ulianguka kifudifudi kwenye nyasi, na hakuna aliyejali kuuinua.

Aliyebaki na kumbukumbu ya mambo hayo yote alikuwa mzee mmoja Mzaramo. Alifika Tabora na reli, akabadilisha njia za treni stesheni mpaka alipostaafu, akaoa Mnyamwezi, akajenga karibu na ukuta wa bwawa miaka mingi kabla yetu. Mkubwa wake wa kizungu alipoondoka alimwachia fimbo ya kuvulia, yenye gurudumu dogo la kukunjia mshipi. Fimbo hiyo ilikuwa starehe yake. Hakuuza samaki hata mmoja. Akipata watatu alimpelekea mkewe wawili, na mmoja alimpa mtu yeyote aliyepita akamtania.

Na kutaniwa alitaniwa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wazee husema utani wao ulizaliwa kwenye njia ya misafara, Wanyamwezi wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani na kulala kwenye vijiji vya Wazaramo. Sisi wa Gongoni tulikuwa nje ya utani huo. Tuliusikia ukipita juu ya vichwa vyetu.

"Mtani, bado umekaa tu?" wanawake wa zamu ya shamba walimwambia wakipita. "Samaki wote leo wameenda kulima, umebaki wewe!"

"Wakirudi waambieni wapitie hapa. Nimewatunzia nyungunyungu."

"Mzaramo kwa kukaa! Hata treni ulikuwa unaiangalia tu ikipita."

"Ningefanyaje, na mizigo mnabeba nyinyi?"

Mwezi wa kumi, bwawa likiwa limekauka hata limebaki kama nusu yake, mzee huyu alikuja mkutanoni na beseni. Ndani mlikuwa na perege mmoja mkubwa. Alimshika taya kwa vidole viwili, akambinya kidogo juu ya maji, na mdomoni mwa samaki vikamwagika vifaranga vingi vidogo kama punje za mtama, vyote vikiogelea. Wanawake waliokaa mbele waliguna kwa pamoja.

"Huyu ni mama," alisema. "Watoto wake anawalea mdomoni. Wanazaliana pale kwenye kona ya matete, hawazaliani kwingine. Na nyavu zenu za pamoja mnazitupa wapi? Pale pale. Mnamla mama na ukoo wake wote kwa sufuria moja. Mkiendelea hivi, baada ya masika mawili mtavua matope."

"Mzaramo leo anawaonea huruma samaki!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Sema unataka uwale peke yako."

Watu walicheka. Kijana mmoja wa tawi la chama hakucheka. Alisimama akasema kuwa nyavu ni kazi ya pamoja na zinalisha kijiji, lakini kuvua kwa fimbo ni starehe tuliyoachiwa na wakoloni. "Mtu mzima anakaa kutwa nzima juu ya jiwe. Anazalisha nini?"

"Mwanangu," mzee alimjibu, "nimeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya treni tangu hujazaliwa. Sasa hivi nazalisha usingizi." Kisha akamgeukia mwenyekiti na kusema bila utani, "Ndugu mwenyekiti, kona ikifungwa ifungwe kwa nyavu na kwa fimbo yangu pia. Mimi nina jiwe langu pale nje ya matete. Masika maji yakilifikia, nakaa hapo. Mniachie hilo tu. Linanitosha."

Nililiandika hilo neno kwa neno: jiwe lake, nje ya matete. Mkutano ulikubali. Kona ilifungwa.

Kesho yake mwenyekiti na mimi tulikwenda kuweka mpaka. Mwenyekiti alikuwa mkulima hodari wa tumbaku, mtu wa maneno machache. Tulikata nguzo tatu za urefu wa kiuno, tukazipaka chokaa, tukazichimbia kwenye matope makavu kukata mdomo wa kona. Ule ubao wa klabu tuliuinua kutoka kwenye nyasi. Upande wa mbele bado ulisomeka Kiingereza chake, kwa hiyo niliugeuza na kuandika nyuma, kwa rangi nyekundu ya shule, kwamba ni marufuku kuvua kupita nguzo.

Mzee alikuwa mbali kidogo, ukingoni mwa maji yaliyosalia, fimbo mkononi.

"Ubao ni ule ule!" alituambia kwa sauti. "Mmeugeuza mgongo tu!"

Mwenyekiti alicheka, akaendelea kushindilia udongo.

"Na nguzo zenu fupi hizo! Masika zitazama zote! Wanyamwezi mnajua kubeba magogo, kuyapima hamjui!"

Mwenyekiti alicheka zaidi. "Mtani, vua samaki wako!"

Nami nilicheka. Leo najiuliza kwa nini hakuna kati yetu aliyetazama alama ya maji kwenye ukuta wa bwawa, iliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Jibu ni jepesi, nalo si la kujivunia. Kijiji kizima kililetwa wakati wa kiangazi, na mimi nilihamishiwa hapo mwezi wa saba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona bwawa likiwa limejaa. Aliyeliona alikuwa mtani, na la mtani lilichekwa.

Katika daftari langu niliandika mahali pa kila nguzo. Ya kwanza: chini ya mninga uliopasuka. Ya pili: katikati, usawa wa mlango wa nyumba ya pampu. Ya tatu: karibu na jiwe la mzee.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Kufikia mwezi wa pili maji yalikuwa yamefika kwenye ile alama ya ukutani, nguzo hazionekani, na maji yamelizunguka jiwe. Mzee alivua viatu, akakunja suruali, akavuka kwa kukanyaga miamba iliyozama, maji magotini, kwenda kukaa mahali alipokuwa akikaa kila masika. Mgambo aliyekuwa zamu aliusoma ubao, akatazama maji, hakuona nguzo yoyote. Akaona mtu amekaa na fimbo upande wa matete. Akamleta ofisini, yaani chumba cha nyuma ya darasa langu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Nimeletwa na jeshi."

Mgambo alikuwa Mnyamwezi, kijana mwenye mdomo. Alisimama wima kama yuko gwarideni, tabasamu linamtoka pembeni. "Mwalimu, andika. Mzaramo huyu kaingia ndani ya mpaka."

"Nimeingia!" mzee alisema, akapiga paja. "Andika, mwalimu! Nimeingia kuwaibia samaki hawa wabeba mizigo, maana wao hata kuogelea hawajui."

"Utaozea jela, mtani."

"Niozee tu, ilimradi huko ugali wanapika watu waliofundishwa."

Walicheka wote wawili, na watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walicheka. Nami nilikuwa na vitabu vya darasa zima vya kusahihisha. Niliandika: Amekiri kuwa aliingia sehemu iliyofungwa kwa nia ya kuiba samaki. Sentensi ilikuwa fupi na safi. Nilimsomea, akatia dole gumba huku akifuta machozi ya kicheko, na karatasi ikaenda tarafani pamoja na fimbo kama kielelezo.

Bwana mkubwa wa tarafani hakuwa mtu wa huku. Alisoma kilichoandikwa. Baada ya majuma mawili fimbo ilirudi na barua: ishikwe ofisini, na mtuhumiwa asionekane bwawani mpaka atakapopewa ruhusa.

Mgambo alipoambiwa alinijia mbio. "Mwalimu, si tulikuwa tunataniana? Hukuona tunacheka?"

"Nimeona."

"Sasa mbona hukuandika?"

Ningeandika vipi? Amekiri, akicheka?

Mwenyekiti na mimi tulikwenda tarafani kueleza. Yule bwana alitusikiliza vizuri, akatuagizia chai, akasema jambo ni dogo. Mzee aandike barua ya kuomba msamaha, naye ataruhusu arudishiwe fimbo siku hiyo hiyo. Tulirudi tumefurahi. Mzee alikuwa uwanjani kwake, anakaza kamba za kitanda.

"Msamaha wa nini?" aliuliza.

"Wa kuvua ndani ya mpaka," nilisema. "Maneno matupu tu, mzee. Mimi nitaandika, wewe utie dole gumba."

"Dole gumba langu umeshalitumia mara moja." Alisema kwa upole, na hapo nilijua kwamba hatanii. "Mwalimu, nikiomba msamaha itakuwa nilikuwa ndani. Na nikiwa nilikuwa ndani, basi jiwe nalo liko ndani, na masika ijayo sina pa kukaa. Mimi nilikuwa nje. Niliwaona mkiichimbia ile nguzo."

"Mtani," mwenyekiti alisema, "chukua fimbo yako, achana na mpaka."

"Fimbo nitapewa kwa huruma, jiwe nitanyang'anywa kwa sheria. Sitaki. Maji yatashuka. Yakishuka, twende wote tukaione nguzo. Kama niko ndani, nitaomba msamaha mbele ya mkutano mzima."

Basi tukasubiri maji. Miezi yote hiyo fimbo ilikaa nyuma ya kabati la chaki. Mzee alipita mara kwa mara kunisalimia, akaitupia jicho, hakuigusa. Wanawake wa zamu ya shamba waliendelea kumtania, lakini nilianza kuona kwamba hajibu kila mara. Siku moja mmoja wao alimwambia, "Mtani, samaki wanakuulizia," naye akaitikia tu, "Wasalimie."

Mwezi wa tisa tulishuka watatu: mzee, mwenyekiti na mimi, daftari kwapani. Matope yalikuwa yamekauka na kupasuka. Nguzo ya kwanza ilikuwepo chini ya mninga, chokaa imeliwa na maji. Ya pili ilikuwepo, imeinama. Tukafuata mstari mpaka kwenye jiwe.

Ya tatu haikuwepo. Palikuwa na mashimo mawili: moja upande wa matete, moja upande wa pili, na jiwe katikati. Yote mawili yalikuwa na upana wa nguzo. Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, na kila shimo lilikuwa na chembe za chokaa ndani ya matope, yaani nguzo iliwahi kusimama kote kuwili.

Mwenyekiti aliyatazama moja baada ya jingine. "Letu ni hili," alisema hatimaye, akionyesha la upande wa nje, ambalo lingeliweka jiwe ndani ya mpaka. Kisha akakuna kichwa. "Au lile. Siku ile nilikuwa nashindilia tu."

"Letu ni lile la upande wa matete," mzee alisema. "Mwalimu, fungua daftari. Wewe huandika kila kitu."

Nilifungua. Nikasoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa ananisubiri: ya tatu, karibu na jiwe la mzee.

"Upande gani?" aliuliza.

Sikuwa nimeandika upande, na kumbukumbu za mkutano zilisema nje ya matete, si nje ya nguzo. Nilijaribu kuiona siku ile machoni: mwenyekiti anashindilia, sauti ya mzee inatoka kwenye maji, nami nimeshika kopo la chokaa. Nilijiona nimesimama kulia kwa jiwe, kisha nikajiona kushoto. Ningeweza kusema ni upande wa matete na shauri likaisha pale pale. Kwa nini sikusema, sijui kama ni uaminifu au ni uoga wa kuandika kosa la pili. Nilisema sikumbuki.

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa. Alipanda juu ya jiwe lake, akakaa kidogo, mikono mitupu, akitazama maji yalivyokwenda mbali. Kisha akateremka tukarudi.

Katika kumbukumbu za kamati niliandika kuwa shauri limeahirishwa mpaka nguzo ya tatu ipatikane. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Nzega, na siku nilipokabidhi ofisi fimbo ilikuwa bado nyuma ya kabati, na mzee hajaandika barua. Shimo moja tulilichimba mimi na mwenyekiti. La pili sijui lilichimbwa na nani, wala siku gani katika yale majuma machache kabla maji hayajapanda.