Tingatinga Lilipolikwepa Jengo Langu

Nilirudi kutoka Doha na stashahada ya ufundi wa majokofu niliyoisomea jioni baada ya kazi, na sikusaidiwa na mtu. Nasema hivyo wazi kwa sababu kwetu Kitale kila anayefanikiwa hutafutiwa mfadhili: mjomba, mbunge au mchungaji. Mimi sikuwa na hata mmoja. Nilijenga chumba cha baridi cha mboga pale Kanduyi, kando ya barabara, ukuta wa mawe, na sijaona kingine kama hicho kutoka Webuye hadi mpakani. Kabichi na karoti zilitoka Kitale alfajiri zikalala kwangu, na akina mama wa vibanda wakazichukua kidogo kidogo bila kuoza. Bila wao kile chumba kilikuwa sanduku lenye kelele. Nililijua hilo, ila sikupenda kulitaja.

Asubuhi moja tulikuta alama ya X nyekundu kwenye kila kibanda na kwenye ukuta wangu. Barabara inapanuliwa, tuondoke. Lakini viwanja vile tulikuwa tumekodishiwa kihalali, na mikataba yetu ilikuwa bado na miaka mingi. Sheria inasema mtu kama huyo asikilizwe kwanza, kisha alipwe fidia. Niliisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, nikaitisha mkutano wa wenye vibanda na kuwaambia twende mahakamani pamoja.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama aliyeuza mboga za kienyeji mkabala nami. Tulimchagua kwa kupanga foleni nyuma yake, na foleni yake ilifika hadi kwenye mtaro. Alinisikiliza huku akichambua majani ya managu.

"Injinia," akasema, "korti ni ya watu wa kuvaa tai. Sisi tuko na mheshimiwa. Tulimpigia kura, na amesema hakuna mtu atatugusa."

"Amesema kwa karatasi gani?"

"Kwa mdomo wake. Ama unataka atuandikie barua kama mpenzi?"

Kicheko kikapasuka. Muuza mitumba mmoja akaongeza, "Huyu alikaa kwa Waarabu sana, bana. Ati anafikiri hapa ni kule."

Nikaenda peke yangu. Nilitafuta wakili, nikapanda na kushuka ngazi za mahakama ya Bungoma hadi askari wa mlangoni akaizoea suti yangu. Mwishowe nikapata amri kwamba jengo langu lisiguswe hadi kesi isikilizwe. Iliandikwa kwa jina langu tu, maana ni mimi tu niliyeomba.

Siku tingatinga lilipokuja, msimamizi wao aliisoma ile amri mlangoni pangu, akairudia, akapiga simu, kisha akamwonyesha dereva kwa mkono azunguke. Likazunguka. Vibanda vya kulia na kushoto vililala chini kama makopo ya soda yaliyokanyagwa. Simu ya mheshimiwa haikupatikana asubuhi nzima. Mimi nilisimama mbele ya ukuta wangu, mikono mfukoni. Nilijivuna, na kwa nini nisijivune?

Kisha ukaja ukimya. Hakuna abiria anayeshuka kununua mboga kwenye ukuta mmoja ulio katikati ya kifusi. Niliwapigia wakulima wangu wa Kitale simu wasilete kitu. Sasa nikaelewa kwa nini watu wetu hujenga kwa mabati: ukuta wa mawe haubebeki ahadi ikivunjika. Kura tunapiga vizuri sana, tunapanga foleni tangu giza la asubuhi. Baada ya hapo tunamkabidhi mtu mmoja haki ambayo sheria ilishatupa, halafu tunamwomba aturudishie kama hisani.

Yule mama mwenyekiti akaja kwangu.

"Injinia, ulitufanyia vibaya. Uko na mtu wako na hukutuambia."

"Sina mtu, mama."

"Tingatinga izunguke mtu hana mtu? Wacha mchezo."

"Ni jaji aliamuru."

"Si ndio huyo! Basi tupeleke kwake."

Sikubishana. Angeingia yeye kwenye kesi, waliopanga foleni nyuma yake wangemfuata, vibanda vingeweza kurudi, na chumba changu kingepona. Jumatatu tukaenda Bungoma. Langoni mwa mahakama mfuko aliouficha chini ya leso aliyojitanda ukatikisika, ukalia.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Ni kuku. Siwezi kwenda kwa mlango wa mkubwa mikono mitupu. Wewe ulilelewa na nani?"

"Ukimpa jaji kuku utashikwa, wewe na kuku."

"Sasa atanijua aje?"

"Hatakiwi kukujua. Ndiyo maana mimi nilisaidika bila kujulikana."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Kijana yangu, mtu hanijui atanisaidia kwa nini?"

Nina stashahada. Najua Kiingereza na Kiarabu cha kazini. Nilitafuta jibu katika lugha zote hizo, nikaona limekwisha kusemwa mara nyingi mno. Nilichoka ghafla, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, naye akakaa kando yangu. Akaniambia mheshimiwa anakuja Jumamosi kuwapa pole, na afadhali kuku yule aende kwake. Kisha akainuka, akanipa mkono kwa heshima, akaelekea stendi.

Niliingia peke yangu. Karani, mwanamke mpole, aliniuliza kama wale wengine niliosema wataungana nami wamefika. Niligeuka nikautazama mlango.

"Ni mimi tu," nikasema.

Nilipofika Kanduyi nilizima mota ya chumba cha baridi, nikauacha mlango wake wazi ili kisiote ukungu kikikaa tupu.