Kura ya Kuzunguka Dunia

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku Makueni tunajuana hadi mbuzi. Nina miaka sabini na nne, mjane, mwalimu mstaafu. Najua mmezoea visa vya mabwana na michepuko. Changu si cha mapenzi. Na msianze kuniandikia "pole shosho" kabla hamjamaliza kusoma, hiyo pole sistahili.

Tulizaliwa wasichana wawili tu, mimi na mdogo wangu, nitamwita Ndunge. Baba alikufa tukiwa wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa tunafundisha shule moja karibu na Matiliku, hata cheti cha ualimu hatuna. Siku moja wasichana wawili wa kizungu, mizigo mgongoni, wakaomba kulala darasani. Wakatuambia wanazunguka dunia, mwaka wa pili sasa, wakifanya vibarua njiani. Asi! Tangu siku hiyo Ndunge hakutulia. Alinunua daftari, akaazima atlasi ya shule, akachora njia: Isiolo, Moyale, Uhabeshi, Misri, meli hadi Ugiriki kuchuma zabibu, Uturuki, India, halafu meli ya kurudi Mombasa. Aliandikia misheni za kila mji kuuliza wageni hulala wapi. Miaka mitatu tulipanga. Nasema tulipanga, lakini mpango ulikuwa wake, mimi nilikuwa nafuata tu. Paspoti zilipotoka tulicheza katikati ya soko kama wendawazimu.

Mama akakataa. Kwetu Ukambani, boma likikosa mtoto wa kiume, msichana mmoja hubaki. Haolewi, anazaa watoto wa jina la babake, ili nyumba isizimike. "Mkienda wawili, nani atawasha moto hapa?" Mama alisema. "Mmoja aende, mmoja abaki." Na kwa vile alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka kuchagua yeye. "Tutapiga kura kama mitume. Mungu ndiye ataamua."

Kibuyu kimoja, punje mbili: ya mahindi ni kwenda, ya kunde ni kubaki. Mimi mkubwa ndiye nilitumwa ghalani kuleta. Nilitia kunde mbili kwenye kibuyu, mahindi nikaficha katikati ya vidole. Mama akaomba, macho yamefungwa. Ndunge akaanza, akatoa kunde. Aliiangalia tu. Mimi nikaingiza mkono, nikatoa punje ya mahindi ambayo haikuwa imeingia humo hata siku moja. Ile kunde ya pili niliwamwagia kuku. Mtaniuliza kwa nini. Hata hamu ya Misri sikuwa nayo sana. Niliogopa kubaki.

Ndunge alinifungia mizigo kwa mikono yake. Daftari lile alilinakili lote, ukurasa kwa ukurasa, ili na mimi niwe nalo. "Nenda, dada," akaniambia, "uniangalilie na mimi."

Nilifika Moyale juu ya lori. Nikakaa wiki mbili. Kila asubuhi nilitembea hadi mpakani, nikaangalia ile nguzo iliyolala barabarani, nikageuka. Bila Ndunge sikujua hata kuuliza njia. Yeye ndiye alikuwa na moyo, mimi nilikuwa na paspoti. Nikarudi Isiolo, nikapata kazi kwenye shule ya misheni, nikakaa miaka miwili. Barua sikuandika hata moja, kwa sababu stempu ya Kenya ingenisema.

Niliporudi nyumbani nilimkuta na mtoto mgongoni. Kulikuwa na mwalimu wa Kikima aliyempenda sana, na yeye pia alimpenda, lakini yule hangekubali kuhamia boma la mwanamke, wakaachana. Ndunge alinikimbilia akilia kwa furaha. Kabla sijamaliza chai, akaleta daftari na kalamu nyekundu. "Hapa ulifika?" Nilifika. "Na hapa?" Nilifika. Akatia alama mji baada ya mji, mpaka Mombasa. Nikamsimulia mambo niliyosoma vitabuni, na ya zabibu nikajitungia. Barua nikasema zilipotea njiani. Kanisani wakaniita Mama Dunia. Watoto wake watano wamekua wakiniambia, "Mama mkubwa, tuambie ya Ugiriki." Mimi nikaolewa Kanyangi, nikazaa, nikazeeka, na mpaka leo mpaka wowote sijavuka.

Sasa Ndunge ni mgonjwa. Madaktari wamemrudisha nyumbani, mnajua maana yake. Wiki iliyopita nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono.

"Dada, sijawahi kukuambia. Ulipoenda nililia karibu mwaka mzima. Nilimchukia Mama, nikakuchukia na wewe."

"Na ikaishaje?" nikamuuliza.

"Nilijiambia kura ni ya Mungu. Kama ingekuwa ni mtu amenikalisha hapa, ningemchukia hadi kaburini. Lakini Mungu nitamfanya nini?" Akacheka kidogo. "Jana pasta ameniuliza kama kuna mtu sijamsamehe. Nimemwambia hakuna."

Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje nikijifanya naenda kuchukua kuni.

Nisipomwambia, atakufa na amani yake, na mimi nitabaki na dhambi ambayo mwenyewe hayupo wa kuisamehe. Nikimwambia, nitakuwa nimemwibia mara ya pili, na safari hii sijui kama atakuwa na siku za kutosha za kulia, achilia mbali za kunisamehe. Pasta siwezi kumwendea, ni mtoto wa tatu wa Ndunge.

Nyinyi mnaosoma hapa ni wengi, na hamnijui. Nitukaneni mkitaka, nimezoea kujitukana mwenyewe. Lakini mkimaliza mniambie la kufanya, kwa sababu Jumapili narudi kumlisha, na safari hii ameniambia nije na paspoti yangu, anataka kuona mihuri.