Viwanda Visivyo na Moshi kwenye Ukuta wa Kinyozi

Wasomaji wangu, yule mchoraji wa mabango ya maduka hapa Sumbawanga amefariki. Kifua ndicho kilichommaliza, na tumemzika kwao Milepa. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, kila aliyefungua duka alimtafuta, kwa hiyo wengi mtamkumbuka kwa herufi zake nyekundu. Mimi namkumbuka kwa picha moja, ambayo hadi leo nikiipita mwili unanisisimka.

Ipo kwenye ukuta wa kinyozi, karibu na soko. Kinyozi alimwambia, "Nichoree jiji, wateja wafurahi." Akachora viwanda vya Dar: mapaa ya bati, matangi, mabomba ya moshi marefu kupita mlango. Alivijua, maana alifanya kazi huko mpaka kiwanda chao kilipouzwa. Ila hakuweka moshi, wala mtu hata mmoja. Kinyozi akalalamika, "Fundi, mbona kama kuna msiba?" Akajibu, "Ndivyo nilivyokiacha."

Siku hizo nami nilikuwa najiandaa kwenda kwenye kiwanda hicho hicho. Kaka yangu aliniombea kazi kwa mwenye kiwanda mpya. Bibi akaja mjini kuniaga. Alipoiona ile picha, alichuchumaa akapiga makofi taratibu, kama Wafipa tunavyowaamkia wakubwa. Alidhani ni malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo wazee walikuwa wakiyeyushia chuma. Vijana wakaangua kicheko. "Oya, bibi anaamkia mabomba!"

Mchoraji, aliyekuwa bado anaumalizia ukuta, hakucheka. Bibi akamuuliza, "Baba, wahunzi wako wapi? Lungu linakaaje peke yake?"

Akaweka brashi chini. "Shikamoo, bibi. Tuliambiwa tutoke. Wengine hata sijui walikofia." Akakohoa mpaka akaushika ukuta, kisha akanigeukia. "Dogo, ndiko unakokwenda?"

Nikamshika bibi mkono, tukarudi nyumbani. Basi la siku ile liliondoka bila mimi.

Tunaambiwa mambo yamefunguka, na kweli madukani sasa hakuna tunachokosa kukitazama. Lakini kubaki pia kunanitisha: bei ya mbolea haishikiki, na mahindi ya bibi yamekaa ghalani bila mnunuzi. Kaka ametuma ujumbe kwamba nafasi bado ipo. Hakusema ilikuwa ya nani.

Kesho nasafiri. Usingizi sina, na sioni aibu kuwaambia. Nilichojifunza kwa marehemu ni kutoingia mahali pa kazi kwa kutazama ukubwa wa jengo tu. Nikifika getini, kabla sijataja jina langu, nitauliza alichouliza bibi: waliokuwa humu wako wapi?