Siku Nilimuvalisha Babu Viatu

Siku ile naikumbuka mupaka leo, mwanangu, siku nilimuvalisha babu yangu viatu na yeye alikuwa ameshalala kaburini miaka saba. Usinikatize. Kaa hapo, kunywa chai, nitakueleza mupaka mwisho. Na kama kuna mahali nitaongeza chumvi kidogo, we kula tu, chumvi haijaua mutu.

Babu yangu alikuwa anaitwa Ramazani. Zamani, kati ya ile vita kubwa ya kwanza na ile ya pili, Bujumbura ilikuwa bado inaitwa Usumbura, na njia za Waswahili zilikuwa udongo mutupu. Mvua ikinyesha, maji yanashuka toka mulimani, njia inageuka muto. Matope ya wakati ule yalikuwa yanameza punda na masikio yake. Basi babu alikuwa na kazi moja, kubeba watu ku mugongo na kuwavusha. Wafanyabiashara, mashehe, bibi harusi na sanduku yake, wote walipita ku ule mugongo. Na miguu yake, sikudanganyi, akikanyaga mutaa wa Bwiza, watu wa Gasenyi, mbali kule, wanauliza nani anapiga ngoma. Kiatu ya kumuenea ilikuwa haijazaliwa.

Mu njia hiyo hiyo alikaa kijana mumoja, Feruzi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi meli pale bandarini. Rangi ikibaki chini ya debe, anakuja nayo nyumbani, anachukua mbao za masanduku ya sabuni, anapaka juu yake picha za njia yetu. Hakuwa peke yake, walikuwa watatu wanne wenye ugonjwa huo, lakini wengine walipaka ku kuta na mvua ikala kazi yao. Feruzi hakupaka simba, hakupaka wafalme. Alipaka kile kilipita mbele ya mulango wake: mama anauza samaki ndagala, na beseni ku kichwa, fundi cherehani anasinzia, mbuzi anakula kofia ya mutu. Siku rangi ya buluu imeisha, mbingu anaipaka nyekundu, ile ya chini ya meli. Wageni wakiona wanasema, ah, jua linazama vizuri. Apana. Ni buluu ilikuwa imeisha.

Ubao moja alimupa babu. Babu yuko katikati, suruali imekunjwa mupaka magoti, miguu mitupu mu maji, na ku mugongo wake kuna mutoto mudogo kama kidole gumba. Nyuma kuna maduka, na mvua ya mistari nyeupe. Babu alipokufa, ubao ikabaki mu salo yetu, pale tunapokea wageni, na mi sikuiangalia hata siku moja. Nani anaangalia pua yake?

Kisha nikapenda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa baiskeli, nywele na mafuta, najiona. Zena alikuwa binti wa duka ya vitambaa pale Bwiza, watu wenye asili ya Omani, na simenti ya duka yao ilikuwa inang'aa mupaka nzi wanateleza. Nilipoenda kujionyesha, baba yake akaniuliza, "Wazee wako ni nani?" Ulimi wangu, bila kunipa habari, ukajibu, "Babu yangu alikuwa karani wa bandari." Karani, mwanangu. Babu angeshika kalamu ingevunjika na meza yake.

Muzee akasema sawa, shangazi yake Zena atakuja Ijumaa, baada ya swala, kuona nyumba. Na unajua mambo yetu: shangazi akitikisa kichwa, hata shehe hana kazi tena.

Nikarudi nyumbani, nikainua macho, na babu yuko ukutani na miguu yake yote. Karani gani huyu? Nikabeba ubao mupaka kwa Muzee Feruzi. Alikuwa ameshazeeka, nilimukuta ku baraza yake anajikuna mugongo na burashi kavu.

"Muzee, nakuomba, mupake babu viatu. Viwili tu."

"Alikuwa na viatu?"

"Apana."

"Basi mi nitavitoa wapi?"

"Muzee, si ni rangi tu."

"Mi nilipaka kile kilipita, kijana. Rudisha babu yako nyumbani, jua linamuchoma."

Asiyesikia la mukuu anavunjika guu, na guu zangu siku hiyo zilikuwa zinatafuta mahali pa kuvunjikia. Jumanne nikachukua rangi nyeusi ya baiskeli, nikamuvalisha babu kiatu moja. Ikamukaa vizuri, kisha rangi ikaisha. Ijumaa asubuhi nikapata ingine, nikapaka kiatu ya pili. Na kwa sababu shetani hachoki, nikaona huyu mutoto ku mugongo naye ananiharibia mambo. Karani habebi watoto wa watu. Nikapaka juu yake, nikamugeuza valisi, sanduku ya safari. Valisi nzuri ya ngozi, na kishikio chake.

Shangazi akafika, Bi Nuru jina lake, mwanamuke wa makamo, ananukia udi, macho hayakosi kitu. Nilikuwa nimeazima viti sita kwa majirani, hakukaa hata ku kimoja. Chai ya tangawizi hakuigusa. Akaenda moja kwa moja mupaka mbele ya ubao.

"Ndio hii," akasema. "Miaka yote nasikia Muzee Feruzi alitupaka, na mi sijapata kuiona. Juzi ndio wameniambia iko kwenu." Akaanza kunyoosha kidole. "Hii ni duka ya baba yangu. Huyu ni fundi wetu, hata ku picha anasinzia." Akacheka. Kisha kidole kikasimama. "Na huyu mwenye viatu?"

"Babu yangu, mama. Karani."

"Alikuwa anaingia mu maji na viatu?"

"Ilikuwa viatu ya kazi."

Akasogeza pua karibu. "Karani wako ananuka rangi mbichi."

Nikaangalia dari. Dari haikunisaidia.

"Sikia, kijana," akasema, na sauti yake ikashuka. "Nilikuwa na miaka sita. Baba yangu alikuwa na marafiki wenye mali, lakini siku za maji hakuna hata mumoja alitoa pua nje. Ramazani ndiye alikuwa ananipeleka madrasa. Mi ku mugongo wake, kibao changu cha Kurani nimekiinua juu ili wino usiloane. Siku moja maji yalimufika kifuani, akanipandisha ku mabega, akaanza kuimba vibaya makusudi ili nicheke, nisiogope. Leo nimekuja kutuona, mi na yeye. Yeye umemuvalisha. Na mi umeniweka wapi?"

Mwanangu, nilikuwa nimemugeuza shangazi valisi.

Nilitafuta uongo mwingine, nikakuta ghala tupu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikasema yote, ya karani, ya viatu, ya valisi. Nilijua Zena nimeshamukosa. Nilikuwa nasema huku naangalia mulango tu, nangoja shangazi atoke na asirudi.

Hakupiga kelele. "Lete mafuta ya taa na kitambaa," akasema, na sasa ndio akakaa. Nikaanza kufuta. Valisi ilikuwa mbichi, ikatoka. Rangi ya Muzee Feruzi chini yake, ile ya meli, ilikuwa imekauka miaka zaidi ya thelathini, haikutikisika. Kikaonekana kibao, ukaonekana mukono umekishika, kikaonekana kichwa.

"Pole pole hapo," akasema. "Hiyo ni pua yangu, na ni ndogo tangu zamani."

Kiatu ya Ijumaa ikatoka. Ile ya Jumanne ikakataa. Nilisugua mupaka mukono ukabaki urefu nusu, haikutoka.

Alipojiona, shangazi akafunika mudomo na ncha ya mutandio. Kisha akasema, "Mi nilikuwa nimeshakubali njiani, tangu nilijua we ni mujukuu wa nani. Nilikuja kuona ubao tu. Sasa sijui. Kesho njoo ku duka, useme mbele ya kaka yangu kazi ya babu yako. Kwa mudomo wako, si kwa burashi."

Toka kwetu mupaka ile duka ni hatua elfu mbili. Siku hiyo zilikuwa laki mbili. Nikakuta duka imejaa wateja, baba yake Zena anakata kitambaa, na nyuma ya pazia naona vidole vya mutu ninayemujua. Nikasema, "Baba, babu yangu hakuwa karani. Alikuwa anabeba watu mu matope, miguu mitupu. Jina lake Ramazani."

Akaweka mukasi chini. "Ramazani wa kuvusha watu?"

"Ndio, baba."

"Makarani wako wengi, wamejaa hapa Bwiza. Yule alinibeba mi na dada yangu pamoja, kila mutu ku bega yake. Na we ulitaka kuninyima." Akachukua tena mukasi. "Nenda nyumbani, kwanza upoe."

Nilipoa masika nzima, mwanangu. Kisha akanipa Zena, ndiye huyo unamusikia jikoni ananicheka.

Kabla ya harusi nilirudi kwa Muzee Feruzi, anitolee ile kiatu iliyokataa. Akaangalia ubao, akacheka mupaka akakohoa. "Iache," akasema. "Babu yako nilimupaka mi. Kiatu hiyo ni picha yako we."

Basi shika neno, mwanangu. Nyinyi wa leo muko na telefone, munapiga foto, munafuta mama yuko nyuma na sufuria yake, munafuta ukuta wenye ufa. Mi sikukatazi kupendeza. Lakini mwacha asili ni mutumwa, na kile unakionea haya, kuna mutu mahali anakitafuta ili akutambue nacho. Ukiulizwa wazee wako walifanya kazi gani, itaje kazi kwa jina lake, hata kama ilikuwa na matope. Na ukikosea, usitume mutu akufutie. Futa mwenyewe, mbele ya yule ulimukosea, na ile itakayobaki ibebe bila kununa.

Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe wakwe wenye kusamehe, na akujalie watoto ambao hawatakuonea haya. Radhi yangu uko nayo, kaa nayo. Amina.