Doki Imebaki Mezani

Mjini Kisii wanasema hakuna aliyezikwa kati ya Suneka na Gesima bila kupitia mikononi mwa Bonareri, ambaye wengi humwita Mama Linet. Si muuguzi, wala si mchimba kaburi. Kwa miaka kumi na saba amechapa vijitabu vya mazishi katika duka la Haresh la karatasi, na ndani ya kompyuta yake kuukuu ya mezani familia zote zilikuwa zimepangwa: mke wa kwanza nani, wa pili nani, mtoto yupi asitangulizwe mbele ya yupi. Jina moja likirukwa, watu hushikana mashati kando ya jeneza. Ndiyo maana walimtafuta yeye.

Kompyuta yenyewe ilinguruma kama kinu cha mahindi, na haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni. Kofi hilo alilijua Bonareri peke yake.

Januari, Neel, mtoto wa Haresh, alimaliza chuo akarudi na laptopu. Akaweka mezani kidude cheusi, saizi ya kipande cha sabuni, matundu kila upande.

"Hii ni doki, Mama Linet. Chomeka huu waya mmoja tu kwa laptopu, skrini kubwa, kibodi, printa, vyote vinaamka!"

"Na kazi zangu zote?"

"Nimehamisha. Ziko ndani ya laptopu."

"Jioni inalala wapi?"

"Naenda nayo. Nina mambo yangu pia."

"Sasa mimi asubuhi nitachapa na nini? Na meno?"

Neel akacheka. "Si doki inabaki!"

Bonareri akamwomba Haresh amrudishie ile kompyuta ya zamani. Mzee hakuinua hata macho. "Watu wa vyuma chakavu walichukua jana."

Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, Ogari aliingia kofia mkononi. Baba yake anazikwa kesho huko Gesima. Doki ipo, skrini ipo. Neel yuko Kisumu na laptopu, simu amezima.

"Dada, si nyanya yangu ulimchapia wewe mwaka juzi? Toa hiyo kazi, ubadilishe tu majina."

"Iko Kisumu."

"Nyanya yangu yuko Kisumu?"

Wakacheka wote wawili.

Kufika saa tano Bonareri alivuta karatasi, akaandika kwa kalamu kutoka kichwani: wake wawili, watoto kumi na mmoja, wajukuu, mpaka yule binti wa Nyamira ambaye hutajwa mwisho na kwa sauti ya chini. Ogari alivuka barabara nayo hadi kwa Shueib, mchapaji mwenye kompyuta nne. Shueib alichapa. Kisha akaihifadhi orodha nzima katika kompyuta yake.

Wiki iliyofuata wakavuka wengine kwenda kwa Shueib. Hawakupitia hata kumsalimia Bonareri.

Mwezi ulipoisha Neel alichomeka waya, skrini ikaamka mara moja. "Unaona vile ni rahisi? Lakini mbona siku hizi hakuna watu?"

"Labda wameacha kufa," Bonareri akajibu.

Haresh alikohoa nyuma ya kaunta. "Mama Linet, kazi imepungua. Uwe unakuja Alhamisi tu."

Alhamisi alifika saa mbili kamili, akapangusa meza, akaketi. Laptopu haikuwa imefika. Doki ilikuwepo.