Kanga ya Bibi Nyuma ya Goli

Bucha ya karibu na kwangu huyeyusha shahamu kila Ijumaa asubuhi, na harufu yake ikishaingia dirishani mimi siwezi kula kitu mpaka adhuhuri ipite. Wajukuu zangu hudhani ni mambo ya uzee, nami nawaacha wadhani hivyo. Shahamu ni yale mafuta meupe ya ng'ombe, na kwa watu wengi ni kitu cha kukaangia. Kwetu Timbwani, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, ilikuwa dawa ya mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umeshonwa vipande vipande, na mdomo wake umefungwa kwa ugwe kama kiatu. Ukinyeshewa ulikuwa mzito wa kumwangusha mtu mzima. Ulikuwa mali ya timu ya mtaa, ambayo watu waliiita Pweza, lakini ulilala nyumbani kwetu kwa sababu kakangu Mbwana ndiye aliyekuwa golikipa na ndiye aliyeaminiwa kuutunza. Kila Alhamisi baada ya alasiri alikaa kizingitini akaupaka shahamu kwa kitambaa, taratibu, mshono baada ya mshono, na nyumba nzima ikanuka. Bibi yetu, mamake baba, alilalamika kwamba hata halua ya Idi imeanza kuwa na ladha ya ng'ombe. Lakini mimi nilimwona kwa macho yangu, si mara moja, akiuokota ule mpira Mbwana akishatoka, na kupaka pale palipobaki pakavu.

Baba tulikuwa tumemzika kabla sijajua kutembea. Mbwana alinipita miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Bibi alimlea kwa mkono wake, akamfunza juzuu kwa ufito, na malipo yake yote aliyataja mapema. "Siku yangu ikifika," alikuwa akimwambia, "wewe ndiye utakayenilakinia shahada. Utamke nami nifuate. Sitaki sauti nyengine sikioni mwangu." Mbwana alikuwa akijibu inshallah, bibi, huku akitafuta viatu vyake.

Siku hizo Jumamosi jioni haikuwa na jambo jingine ila mpira. Wageni walishuka kwenye feri wakiwa wamevaa kanzu za kupigwa pasi, wengine na makoti juu yake katika joto lile, na zumari ikitangulia. Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, mchanga mtupu, umezungushiwa kamba ya katani, na watu walisimama safu kwa safu mpaka wa nyuma wakapanda juu ya masanduku ya soda. Kulikuwa na wauza kahawa wakigonga vikombe, na wauza bajia. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumtukana refa kwa mashairi yenye vina kamili, na refa mwenyewe alikuwa akitabasamu. Wakati wa mapumziko watu wa mwambao, waliotaka pwani ijitenge, na watu wa uhuru walibishana juu ya nani atakuja kututawala, na filimbi ikilia walirudi kuwa kitu kimoja. Haya yote niliyajua kwa kuambiwa. Mtoto wa kike hakwenda uwanjani, na mwanamke mzima ndio kabisa.

Sisi tulikuwa tukiusikiliza mpira uani. Bibi alikaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, na kwa ule mshindo wa watu aliweza kujua kila kilichotokea. "Hiyo imegonga mti," husema. Au, "Hao wamekosa, hebu wasikie wanavyoguna." Mshindo mrefu unaopanda na kukatika ghafla ulikuwa bao. Mshindo mfupi, mzito, unaofuatwa na vicheko, ulikuwa Mbwana amedaka. Hapo bibi alikuwa akiacha kukuna nazi kidogo, kisha akaendelea. Mbwana aliporudi tulilinganisha, na sikumbuki kama bibi aliwahi kukosea.

Jambo moja tu katika mpira alilichukia. Timu iliyoshinda ilikuwa na desturi ya kuizika iliyoshindwa. Walikata mgomba, wakauvisha shuka nyeupe, wakaulaza juu ya jeneza la makuti, na wakaubeba mabegani kupita mitaani wakiimba mpaka feri, ili wageni waondoke na maiti yao. Wanawake wa njiani walikuwa wakitoka milangoni na kulia kwa utani, mikono kichwani, "Yoo, mamangu, umeniachia nani," na watu wakacheka mpaka wakaketi chini. Bibi alifunga mlango. "Mauti hayafanyiwi mzaha," alisema. Nasi tulichungulia tundu la ufunguo.

Katika mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru bibi aliugua kifua kwa muda wa mwezi mmoja, akiinuka na kulala. Jumamosi waliyokuja watu wa Changamwe, mechi ya kuamua kombe, Mbwana alikaa kitandani pa bibi tangu asubuhi na viatu hakuvigusa. Bibi ndiye aliyemfukuza. "Nenda," akamwambia. "Mimi sikukaa miaka yote hii nije nife kwa ajili ya watu wa Changamwe." Mbwana akambusu mkono, akaenda.

Baada ya alasiri pumzi ya bibi ilibadilika. Mama alimtazama, akamlowesha midomo kwa pamba, kisha akaniita uani. "Nenda kamwite nduguyo. Mwambie bibi yuwamuuliza. Mwambie ndio saa yenyewe." Akachukua kisutu cha bibi, kanga yake ya kutokea, kilichoning'inia mlangoni akanifunika nacho kichwa mpaka magotini, ili watu wajue mimi ni mtoto wa kutumwa na si mtoto wa kuzurura. Kisutu kile kilijulikana nyumba nzima. Kilikuwa na kiraka cha kijani pembeni, kipande cha jezi ya kwanza ya Mbwana, alichokishona bibi mwenyewe.

Nilikimbia. Nakumbuka mchanga ulikuwa wa moto, na nakumbuka kwamba nilikuwa nikiyarudia maneno ya mama yasije yakaniponyoka. Lakini hofu sikuwa nayo, wala huzuni. Nasema kama ilivyokuwa. Ndani yangu kulikuwa kumenyamaza.

Nilipita katikati ya kanzu na miguu ya watu mpaka nikatokea nyuma ya goli letu, na hapo mkono ukanishika bega. Alikuwa Bwana Mwidani, mwenye duka na mkubwa wa timu, mtu aliyekuwa akitupa peremende kila Idi. Nilimshika mkono kwa shikamoo, naye akasema, "Marahaba. Waja fanya nini huku, mwanangu?"

"Mama amenituma kwa kaka. Bibi yuwamuuliza. Ndio saa yenyewe."

Alinitazama, kisha akautazama uwanja. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Siku zile hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Anayetoka ametoka, na timu ikaendelea pungufu. Nilimwona akipiga hesabu ile. "Mpira umebaki kidogo tu," akasema, kwa upole, kama anavyosema mtu na mwanawe. "Bibi ameugua siku nyingi, na hiki kidogo atangoja, inshallah. Kaa kitako hapa. Ikilia filimbi nitamwambia mimi mwenyewe."

Nikakaa. Niliambiwa na mtu mzima nikae, nikakaa. Mgongo wa Mbwana ulikuwa hatua kumi mbele yangu. Mzee wa mashairi alikuwa akimsifu, na watu wakacheka, na mimi nikagundua kwamba napendezwa. Hilo ndilo lililonikaa rohoni baadaye. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nikikisikia tu, na nilikuwa napendezwa.

Kisha mpira ukapigwa nje. Ukapita pembeni ya mti wa goli, ukabingirika ukaja kutua miguuni pangu. Nikauokota. Ulikuwa unanuka nyumbani. Mbwana akaja kuuchukua, anahema, mchanga umemjaa nyusi. Alinyoosha mikono. Akakitazama kisutu, akanitazama mimi usoni, na pale hapakuwa na mtu kati yetu. Bwana Mwidani alikuwa nyuma, hakuweza kunifunga mdomo. Maneno ya mama yalikuwa yote kichwani, mpangilio wake sawasawa, nami nikampa mpira. Akaupokea, akageuka, akauweka chini na kuupiga mbali.

Zikapita dakika, sijui ngapi. Karibu na mwisho refa akawapa Changamwe penalti. Uwanja mzima ukanyamaza, hata wauza kahawa. Mbwana aliruka upande wa kulia, akaudaka, akaanguka nao kifuani. Ule mshindo mfupi, mzito, uliofuatwa na vicheko, niliusikia safari hii ukiwa juu ya kichwa changu.

Filimbi ilipolia, Bwana Mwidani alijaribu kweli. Nilimwona akisukuma watu, akiita jina la kaka. Lakini Mbwana alikuwa ameshanyanyuliwa mabegani, na jeneza la makuti lilikuwa limeshatolewa lilikofichwa, mgomba juu yake ndani ya shuka, na umati ukaelekea feri. Njia ya feri ilipita mlangoni kwetu. Nilifuata nyuma, na kisutu cha bibi kikiburutwa mchangani.

Tulipokaribia, nyumbani kwetu kukasikika mtu akilia. Ilikuwa sauti ya mama. "Yoo, mamangu." Na watu, kwa vile ndivyo ilivyokuwa desturi, walidhani nyumba ya golikipa imetoka kutia utani wake. Wakafurahi. Wakalisogeza jeneza mlangoni, wakapandisha wimbo, na vijana wawili wakajibu kilio kwa kilio, mikono kichwani. Mama akatokea kizingitini, kichwa wazi. Ndipo wimbo ukakatika, mbele kwanza, halafu nyuma, mpaka wakabaki watoto wa mwisho wa foleni wakiimba peke yao.

Mbwana aliteremka mabegani mwa watu pasipo kusaidiwa. Aliingia ndani na viatu vyake. Wale wabebaji hawakujua wafanye nini na mgomba wao, maana kuuendeleza feri ilikuwa haya na kuutupa ilikuwa haya zaidi. Wakaulaza ukutani kwetu, wakaondoka mmoja mmoja. Ulikaa pale mpaka ukaoza, hakuna aliyetaka kuugusa.

Mama alimwambia Mbwana kwamba bibi amekufa akitamka shahada, na kwamba yeye ndiye aliyemlakinia. Mbwana akasema alhamdulillah. Alisaidia kuchimba, akaswalisha jeneza, akapokea mikono ya watu. Sikumwona akilia. Mimi pia sikulia, na wanawake wakasema mtoto bado mdogo, hajaelewa. Bwana Mwidani alileta sanda na marashi, akakaa nasi siku zote za matanga, na jicho lake likikutana na langu alilihamisha. Jumamosi iliyofuata Mbwana alimpelekea mpira. Hakucheza tena. Uhuru ulipokuja, mtaa mzima ulikwenda kuangalia bendera na fataki, nasi tulikaa uani tukipukuchua kunde, tukisikia mshindo wa watu kwa mbali, na hakuna aliyesema ni wa nini.

Kwa miaka zaidi ya arobaini niliishi nikijua kwamba mimi ndiye niliyemnyima bibi sauti aliyoitaka. Sikumwambia mtu. Kila nikitaka kulisikia jambo hilo moyoni, nilikuta pale pale pamenyamaza.

Mwaka ambao Mbwana alianza kuishiwa nguvu za miguu nilikuwa nikienda kwake Jumamosi kumpikia. Siku moja, tumekaa barazani, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. "Nilikiona kile kisutu," akasema. "Ulipokuwa nyuma ya goli. Nilijua pale pale. Nilikutazama, nikakuomba moyoni, usiseme. Nawe hukusema. Mungu akulipe."

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa ameufungia mzigo ule ule chumbani mwake, na mlango mmoja ukiwa katikati.

Basi nikampa nilichokuwa nacho. Mama kabla hajafa aliniambia jambo ambalo hakumwambia mtu, kwa sababu aliliona ni aibu kwa maiti. Bibi hakutamka shahada. Mama alimtamkia tena na tena, na yeye alikuwa kimya, sikio limeelekea dirishani. Kukaja mshindo kutoka uwanjani. Bibi akasema, "Mbwana kaudaka huo." Hakusema neno jingine.

Mikono mikubwa ya Mbwana ilikuwa juu ya magoti, imefunguka.

"Upi?" akauliza. "Nilidaka mitatu siku ile. Mmoja wa kichwa, kipindi cha kwanza. Upi?"

Sijui. Mama hakuniambia, na mama hakuwa mtu wa kujua mpira. "Ule wa penalti," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ule ulikuwa mgumu," akasema, na akaanza kulia, nami nikaanza.